Bibi Salme Afika Tegeta

Kama umekaa sebuleni, kama uko jikoni unachambua mchele, kama umebanwa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo na redio ya gari ndiyo mwenzako, karibu. Leo nataka tuongee habari za kitabu, pamoja na habari za wanawake wa Tegeta waliokisikiliza kitabu hicho Jumapili tisa mfululizo, wakakubaliana machache na kubishana mengi.

Kwanza nikueleze kilivyofika kwetu. Mimi ni mmoja wa wanakikoba 22. Tunakutana kila Jumapili saa kumi jioni, uani kwa mwenyekiti wetu, si mbali na Kibaoni, mahali ambapo malori ya saruji yakishuka kutoka Wazo unasikia vikombe vinatikisika kwenye sinia. Sanduku letu la fedha lina kufuli tatu, na funguo zake wanazo wanawake watatu wa nyumba tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Jumapili moja mwenye ufunguo wa tatu alichelewa. Daladala ilikuwa imemharibikia njiani. Tukabaki tunalitazama sanduku, watoto wakaanza kusumbua, na wakubwa wakaanza maneno yasiyo na kheri kuhusu watu wasiokuwepo. Mkobani nilikuwa na kitabu. Mwenyekiti akakiona, akasema, "Mwalimu, hebu tusomee na sisi."

Nakala yangu ni ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa nasoma kimyakimya sentensi mbili tatu, kisha nazisema kwa Kiswahili. Ufunguo ulipofika, hakuna aliyesimama. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi: hisa kwanza, mikopo pili, kisha Bibi Salme.

Bibi Salme mwenyewe ni nani? Ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, yule aliyehamisha makao yake kutoka Maskati na kuyaleta Unguja. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi aliyenyakuliwa kwao akiwa mtoto. Baba yake alifia baharini mwaka 1856 akitoka Oman, mama yake akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Binti akawa anaishi mjini, na nyumba ya jirani ilikuwa ya kijana wa Kijerumani, mfanyabiashara kutoka Hamburg, Heinrich Ruete. Wakapendana. Akashika mimba. Agosti 1866, usiku, akapanda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akaondoka. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo, kisha wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu ya farasi. Mwanamke hajatimiza miaka 26, ana watoto watatu wadogo, hana ndugu, hana baba, lugha yenyewe bado anajifunza. Miaka 16 baadaye, mwaka 1886, kitabu chake kikachapwa Berlin kwa Kijerumani: kumbukumbu za maisha yake.

Nilipowaeleza hayo kwa ufupi siku ya kwanza, uwanja mzima ulijua unakuja kusikiliza hadithi ya mapenzi. Nami niliwaahidi hivyo. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Jumapili ya sita, dada mmoja mwenye saluni pale karibu na kituo cha Nyuki alikuwa anampaka mwenzake rangi ya kucha huku anasikiliza. Nikaisoma sura yenyewe, ile ya Salme na Heinrich. Binti anaeleza kwamba kutoka kwenye dari ya nyumba yake aliweza kuona wageni wa jirani wakila, kwamba urafiki ulianza na kuwa mapenzi, kwamba habari zilivuja mjini, na kwamba aliondoka. Nikafunga ukurasa. Dada wa saluni alikuwa ametoka kidole cha kwanza amefika cha nane. Akainua kichwa, brashi hewani.

"Mwalimu, mapenzi yako wapi?"

Nikamwambia yamepita.

"Yamepita lini? Mbona juzi ulitusomea Jumapili nzima habari za kifungua kinywa cha kwa baba yake?"

Ndugu msikilizaji, alikuwa amesema kweli, na mimi niliyekisoma kitabu mara tatu sikuwa nimeliona hilo sawasawa. Kurasa za mapenzi ni chache mno. Kurasa za Mtoni hazikwishi. Anaeleza ua mkubwa wa Mtoni uliojaa tausi, paa, bata bukini na mbuni waliotembea huru. Anaeleza ule ukumbi wa duara uliochomoza juu ya bahari, ambamo baba yake alikuwa akitembea huku na huko ameinamisha kichwa, na watoto wanamtazama kwa mbali bila kujua anawaza nini. Anaeleza mabafu, sikukuu, manukato, lugha zilizosikika ndani ya jumba moja, Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi. Anaeleza nani alikaa wapi wakati wa kula. Ni mtu aliyekaa chumbani Ujerumani, dirisha limefungwa kwa baridi, anapita mlango kwa mlango katika nyumba aliyoiacha, anahakikisha kila kitu bado kipo.

Katika utangulizi wake anasema mwenyewe kwamba aliandika kwa ajili ya watoto wake. Afya yake ilikuwa mbaya, alidhani hataishi hadi wawe wakubwa, na walichojua wao ni kwamba mama yao ni Mwarabu kutoka Unguja, basi. Ukishajua hilo, ule ufupi unaeleweka. Mama gani anawaandikia watoto wake habari za usiku alioutoroka? Ile mimba haisemi. Mtoto wa kwanza, aliyezaliwa Aden na kufariki akiwa mchanga, hayumo. Barua zake nyingine, zilizochapwa mwaka 1993, karibu miaka 70 baada ya kufariki kwake, ndizo zinazofungua kidogo mlango huo: baridi ya kwanza, macho ya watu, ugumu wa kuzungumza na jirani, na kifo cha mume. Lakini kitabu kile cha 1886 kina moyo wake mahali pengine.

Tuna maneno mawili hapa Dar es Salaam ambayo tunayatumia kila siku. Tunasema "kwangu" na tunasema "kwetu". Mtu amejenga Tegeta, ameweka tofali moja moja kwa miaka 15, ana hati, ana kisima, watoto wamezaliwa hapa. Muulize, atakwambia, "Karibu kwangu." Ifike Desemba, apakie mabegi kwenye basi la Moshi, la Songea, la Bukoba, muulize anakwenda wapi. "Nakwenda kwetu." Mimi mwenyewe kwetu ni Songea. Mama yangu amelala kule. Nina nyumba Tegeta, ila nikiota ndoto, mara nyingi naota jiko la mama, lile jiko la nyasi lililoungua nikiwa darasa la pili na ambalo halipo tena duniani.

Bibi Salme alikuwa na kwangu Hamburg, kisha Dresden, kisha Rudolstadt, kisha Berlin, na baadaye Beirut. Kitabu chake ni cha kwetu. Ndivyo nilivyokuja kukisoma baada ya swali la dada wa saluni, na naamini ndivyo kilivyo.

Najua wako mnaopenda vitabu vya aina hii vya siku hizi. Mmarekani Elizabeth Gilbert alitoa chake mwaka 2006, safari ya Italia, India na Bali baada ya ndoa kuvunjika, na wengi wenu mmeona filamu yake. Mswisi Corinne Hofmann alitoa chake mwaka 1998, habari za kijana wa Kisamburu aliyemwona kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, akauza mali zake kwao na kwenda kuishi naye Barsaloi. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Hofmann hasa alipata tabu ya kweli, aliugua malaria hadi karibu afe. Ila angalia njia ya safari. Anayesafiri anatoka kwao, anafika kwetu, anapenda, anaumia, anajifahamu, anarudi kwao na kitabu. Mlango wa kurudi uko wazi wakati wote. Watu wa Barsaloi tunawasikia kwa mdomo wa mgeni wao.

Salme alitoka huku akaenda kule, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwaka 1875 kaka yake, Sultani Barghash, alipokwenda London, Salme alisafiri kwenda huko akitumaini kuonana naye. Wakubwa wa Kiingereza wakamzuia kwa ahadi ambayo hawakuitimiza. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli, pamoja na manowari za Wajerumani, kwa sababu Bismarck aliona madai yake ya urithi yanaweza kutumika katika mambo ya Ujerumani na pwani hii. Ndugu zake waliiona bendera ya Ujerumani kabla ya kumwona yeye. Barghash hakumpokea. Lakini watu wa mjini, anaeleza, walimfuata barabarani, wakamsalimu, wakamwita Bibi.

Sasa hapo niwaeleze habari za bibi mmoja wa kikoba chetu. Ni Mzanzibari, amezaliwa Unguja, amekuja bara kuolewa, yuko Tegeta tangu enzi ambazo hapa palikuwa na mikorosho kuliko nyumba. Tangu Jumapili ya kwanza alikuwa hakubaliani na Salme, tena bila kuficha. Alinisahihisha majina yote. Niliposoma "Bububu" kwa haraka alinisimamisha, akasema, "Pole pole mwanangu, hapo ni kwa watu." Msimamo wake ulikuwa huu: mapenzi yanakuja na kuondoka, mtu haachi dini yake kwa mume. Na aliongeza jambo ambalo kwake lilikuwa zito zaidi: "Kama alitaka kuondoka, angeondoka. Lakini kurudi na manowari mlangoni kwa ndugu yako, hilo halina jina."

Baadhi yetu tulibisha. Katibu wetu alisema mwanamke mjane mwenye watoto watatu anapanda meli anayoipata. Bibi akatikisa kichwa. Nami nadhani bibi alikuwa na haki katika hilo la manowari. Salme alijua zile meli ni za nini, au alipaswa kujua. Uchungu wa kweli unaweza kupandishwa kwenye meli ya mtu mwingine, na ukafika na mzigo usio wako.

Ila nilipofika mwisho wa maisha yake, ambao haumo kitabuni, nikawaeleza kwamba alifariki mwaka 1924 huko Jena, akazikwa Hamburg kwenye makaburi ya Ohlsdorf kando ya mumewe, na kwamba inasimuliwa kwamba aliwekewa kaburini mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote. Yule bibi alikuwa anakunja kanga yake. Akaacha kukunja. Akauliza, "Mchanga wa pwani au wa shamba?" Nikamwambia nadhani wa pwani. Akasema, "Haya," kisha hakusema tena mpaka tunaondoka.

Kuna sehemu moja ya kitabu ambayo wote tuliipenda bila ubishi, nayo ni ya Salme mdogo na kuandika. Watoto wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, ila wasichana hawakufundishwa kuandika. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, ule bapa uliopaushwa ambao ndio ulikuwa ubao wa wanafunzi, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja kwa siri, mpaka mkono ukazoea. Watu walipojua walimsema. Hakujali. Akiwa na miaka 15, Barghash alipopanga kumwasi kaka yao Majid mwaka 1859, dada mdogo ndiye aliyemwandikia barua zake. Njama ilishindwa, na akatengwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo mfupa ule ulimtia hatarini kwanza, halafu baada ya miaka mingi ukampa kitabu.

Katibu wetu, yule yule anayeandika hisa zetu kwenye daftari kubwa, alisimama. Akasema mama yake alijifunza kuandika akiwa na watoto watano, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, miaka ile ya sabini ambayo Mwalimu Nyerere alihimiza kila mtu ajue kusoma. Jioni, mama huyo akisubiri ugali uive, alichukua mkaa uliozimika akafanya mazoezi ya jina lake kwenye ukuta wa jiko. Baba akifika, anafuta kwa kitambaa. Siku nyingine anaandika tena. "Ule ukuta ulikuwa na vivuli vya jina la mama vinavyopandana," katibu akasema. "Mpaka anakufa, jina lake aliliandika kama lilivyokuwa ukutani, herufi kubwa kubwa." Nilimtazama anavyoshika kalamu pale, daftari magotini, akiandika nani ameleta hisa tatu na nani ameleta moja. Sikuweza kuendelea kusoma siku hiyo.

Sasa nifike mahali penye moto.

Jumapili ya saba nilisoma sura ya utumwa. Nilifikiria kuiruka, na ningeiruka ningekuwa nimewadanganya wenzangu. Katika sura hiyo Bibi Salme anautetea utumwa. Anasema utumwa wa Mashariki si kama wa Amerika, kwamba Wazungu wameingilia jambo wasilolielewa, na anaandika juu ya Mwafrika mweusi maneno ya dharau, kwamba hafanyi kazi asiposhurutishwa. Anayaandika Berlin, miaka 13 baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Anayaandika yeye ambaye mama yake mzazi aliletwa jumbani kwa sababu alinyakuliwa.

Kuna mama katika kikoba chetu ambaye kwao ni Ujiji, Kigoma. Anauza genge, mchicha, nyanya, dagaa wa kwao. Ni mtu wa maneno machache. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Ile nyumba yao, ile yenye tausi. Aliyekuwa anafagia kinyesi cha tausi, kwao ni wapi?"

Kimya.

"Nauliza, mwalimu. Huyu bibi analilia kwao, nami nimelia naye, Mungu ananiona. Lakini waliompikia hicho kifungua kinywa ulichotusomea Jumapili nzima, wao walikuwa wanalilia wapi? Nani aliwaandikia?"

Halafu akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Hakueleza zaidi, na haikuwa lazima. Barabara iliyo mbele ya nyumba zetu inaitwa ya Bagamoyo. Tunaipanda kila siku kwenda Mwenge, kwenda Posta, tunailalamikia foleni na vumbi. Ukigeuka upande wa pili, ukapita Boko, Bunju, Mapinga, baada ya saa moja na kitu unafika mahali ambapo misafara kutoka Ujiji na Tabora iliishia, watu wakiwa wamebeba pembe za ndovu na wengine wao wenyewe wakiwa ndio bidhaa. Kutoka pale walivushwa kwenda Unguja. Mwaka 1868, mwaka ambao Salme alijifungua binti yake Hamburg, mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo wakaanza kijiji cha watumwa waliokombolewa. Watu wale waliulizwa kwao wapi, na walio wengi hawakuwa na njia ya kurudi hata kama walikumbuka.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikatafuta jibu la swali la pili, nani aliwaandikia. Na jibu lipo, ingawa ni jembamba. Mwaka 1936 Mwingereza Margery Perham alihariri kitabu cha simulizi za maisha ya Waafrika kumi. Mmoja wao ni Rashid bin Hassani, Mbisa, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Alikamatwa akiwa mtoto, akafikishwa Unguja, akauzwa. Na aliyekuja kuwa bibi yake pale ni Zemzem, dada wa Sultani.

Zemzem huyo ni dada yake Salme pia. Yumo kwenye kitabu cha Salme, anatajwa kwa mapenzi.

Jumapili ya nane nilikuja na vitabu viwili. Nikawaambia, tazameni, ni ukoo mmoja. Binti mmoja wa ukoo huu alitoka kwa mlango wa mbele kwenda Ulaya, akaandika machozi yake kwa Kijerumani. Mtoto mwingine aliingizwa kwa mlango wa nyuma, akazeeka, akasimulia, na simulizi yake ikachukua sehemu tu ya kitabu cha mtu mwingine. Wote wawili walipoteza kwao. Mmoja alipoteza kwa kuchagua, kwa sababu ya mapenzi, na alijua gharama yake hata kama hakujua yote. Mwingine hakuulizwa.

Mama wa Ujiji aliniomba nirudie jina. Nikalirudia, Rashid bin Hassani. Akalisema taratibu, kama mtu anayehakikisha namba ya simu.

Ubishi uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko yote. Mmoja wetu, mwalimu mwenzangu wa sekondari, alisema basi kitabu hiki tukiweke chini, tusikisome tena. Na si yeye peke yake duniani anayefikiri hivyo. Huko Hamburg kwenyewe, mwaka 2019 waliupa uwanja mmoja jina la Emily Ruete, kumheshimu mwanamke mhamiaji aliyeandika. Hazikupita siku nyingi watu wakasoma ile sura ya utumwa, wakahoji, na uamuzi ukafikiwa wa kuliondoa jina lake. Nawaelewa. Jina la uwanja ni heshima, na heshima ina masharti yake.

Lakini kusoma si kuheshimu. Nilimwambia mwalimu mwenzangu hivyo na narudia hapa redioni. Tukikifunga kitabu cha Salme tunapoteza ushahidi wa mtu wa ndani: namna mtoto anavyoweza kulelewa kwa upendo mkubwa katika nyumba iliyosimama juu ya maumivu ya wengine, na asiyaone, hata akiwa mkubwa, hata akiwa amedharauliwa yeye mwenyewe huko ugenini kwa rangi na lafudhi yake. Jambo hilo linanitisha, nami nataka kuendelea kulisoma. Mama wa Ujiji ndiye aliyeamua ubishi. Alisema, "Kisomwe. Ila kisisomwe peke yake."

Na lile suala la kujitambua, maana vitabu hivi vinasemwa ni vya mtu kujitambua? Salme anakiri kwamba aliondoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na huko alikofika hakuwa kamili katika lolote: si Mkristo wa kujivunia, si Mjerumani mzima. Hakuna ukurasa anaposema sasa nimejipata. Dada wa saluni alisema hilo ndilo lililomgusa kuliko mapenzi yenyewe. Yeye ametoka Tanga, ana miaka saba hapa, akienda Tanga wanamwambia ameshakuwa wa Dar, akiwa hapa wateja wanamwita Mtanga. "Kumbe hata binti wa Sultani," alisema.

Jumapili ya tisa tulimaliza. Sanduku likafungwa, kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Yule bibi wa Unguja akanyoosha mkono. Akasema mfuko wa jamii una akiba kidogo tangu msiba wa mwaka jana, na angependa kikoba kipande boti kwenda Unguja kwa siku moja, atuoneshe magofu ya Mtoni. Ana miaka mingi hajafika. "Nataka nione pale alipokaa," akasema. Wanawake wakapiga makofi.

Mama wa genge akasema yeye atakwenda Unguja, na nauli yake atalipa mwenyewe. Ila kwanza twende Bagamoyo, ni karibu, ni barabara yetu hii hii, na huko hakuna anayehitaji boti. Anataka kusimama ufukweni pale walipokuwa wanapakiwa, halafu ndipo avuke.

Bibi akamtazama kwa muda. Akamwambia, "Nitakusindikiza."

Tumekubaliana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, tukutane Kibaoni saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na chakula chake. Katibu ameandika majina 19. Mimi nimeambiwa nibebe vitabu vyote viwili.